Niliuza mitamba wangu asome, sasa anasema atachunga

Mama Mshauri, shikamoo.

Mimi ni mwanamke wa miaka 33, muuguzi, nafanya kazi Arusha mjini. Nimeolewa, nina mtoto mmoja. Nyumbani kwetu ni Longido, mbali na barabara ya Namanga, boma ambalo mpaka leo ukitaka mtandao unapanda kilima. Usinitaje jina, maana baba hajui kusoma lakini vijana wa kumsomea wapo.

Mwaka 2009 nilikuwa kidato cha tatu. Waliokuwa na akili mwaka ule wa ukame wanajua ninachosema. Baba alikuwa na ng'ombe zaidi ya 200. Alihama nao kuelekea Simanjiro, wengi wakafia njiani, wengine wakafia hukohuko, akarudi na 31. Nilipofika likizo nilimkuta yeyo, mama yetu, anachemsha chai ya rangi. Kwetu sikuwahi kuona chai bila maziwa. Tangu hapo ng'ombe kwangu ni kitu kinachoweza kwisha chote kwa miezi minne.

Nilipofaulu kidato cha nne, mjomba, kaka yake yeyo, alinipa mtamba mmoja mbele ya wazee. Alizaa vizuri. Madume yaliuzwa kwa mahitaji ya nyumbani, sikuuliza. Kufikia mwisho wa 2020 nilikuwa na mitamba watatu kwenye kundi la baba, na nilikuwa nimeshaanza kazi.

Sasa nije kwa mdogo wangu, nimwite Lemayian. Ni kitinda mimba wetu, ana miaka 19, wa tumbo moja na mimi. Alipomaliza la saba nilisema huyu hatasoma kama nilivyosoma mimi, kwa kuomba omba kalamu. Shule ya kata ilikuwa na upungufu wa walimu wa sayansi, nikampeleka shule binafsi ya bweni, ada milioni 1.6 kwa mwaka. Ili kuanza niliuza mitamba wawili mnadani. Miaka mingine nililipa kwa mshahara na mikopo ya kikundi. Mume wangu hakulalamika, ila kiwanja chetu mpaka leo kina msingi tu.

Kijana hakuniangusha. Kapata daraja la pili, na juzi kachaguliwa kidato cha tano, mchepuo wa CBG (Kemia, Biolojia na Jiografia), shule ya serikali mkoa mwingine. Anatakiwa aripoti Julai. Nilishaanza kuota naye: udaktari wa mifugo, au hata ualimu.

Tatizo ni kwamba tangu amalize mtihani Novemba amekuwa ronjo, kambi ya muda ya malisho, na ng'ombe. Kaka yetu mkubwa yuko Zanzibar analinda hoteli, anakuja mara moja kwa mwaka. Baba ni wa rika la Makaa, miguu haimpeleki tena mbali. Kwa hiyo Lemayian ndiye aliyebaki na kundi, na mvua zilikuwa nzuri, majani hadi magotini. Pasaka nilipokwenda nyumbani alinieleza kwa furaha jinsi walivyonenepa, na jinsi "ndama wake jike" anavyofanana na mama yake. Nikamwambia ajiandae kwa kidato cha tano. Akakaa kimya, halafu akasema: "Dada, nimefikiri. Sitaenda. Nitachunga."

Mama, nilipiga kelele. Nilimwambia mbele ya baba na vijana wa rika lake: "Niliuza mitamba wangu ili uje kushika fimbo? Si ungeshika fimbo tangu zamani niokoe pesa yangu?" Akainuka, akaondoka. Usiku uleule akarudi ronjo. Nikipiga simu haipatikani, na sijui ni mtandao au ni mimi.

Baba hakunigombeza. Alisema tu: "Wewe tulikuacha ukasoma, ukapata kazi ya kuhudumia watoto wa watu wengine. Huyu aache ahudumie vya kwao." Yeyo hakusema neno lolote.

Mwaka 2022 ng'ombe walikufa tena. Kutoka 90 hivi tulibaki na 38. Mimi ndiye niliyetuma pesa za mashudu na mahindi, na baada ya mvua nikanunua mbuzi kumi ili wazee wapate pa kuanzia. Kwa hiyo hakuna anayeweza kuniambia sijui ufugaji ni nini. Najua mwisho wake.

Nafikiria mambo matatu. Kwanza, kwenda kwa afisa elimu wa kata amlazimishe baba kumwachia. Pili, kukata msaada wote nyumbani mpaka akubali. Tatu, kunyamaza na kuanza kujenga nyumba yangu, nao wafe na ng'ombe wao. Mume wangu anasema chagua la tatu. Mimi silali.

Nisaidie.

Dada wa Longido

*

Marahaba, mwanangu.

Umeandika barua ndefu, na nimeisoma nikagundua ina mambo matatu yaliyofungwa kamba moja. Kuna uamuzi wa Lemayian. Kuna hofu yako ya ukame, ambayo ina sababu kamili. Na kuna mitamba. Ukiyajibu yote kwa jibu moja utamkosea mtu, na huenda ukajikosea wewe mwenyewe. Nitaanza na lile ambalo wewe umelipa mstari mmoja tu.

Umesema kijana alikueleza habari za "ndama wake jike" na jinsi anavyofanana na mama yake. Mtamba wako wa tatu, yule ambaye hukumuuza, yuko wapi? Hukusema kama alikufa 2022 au alipona. Nina wasiwasi kwamba alipona, akazaa, na mtoto wake sasa anaitwa wa Lemayian. Kama nimekisia vibaya utanisamehe. Lakini hata kama ndama yule ni wa ng'ombe mwingine kabisa, bado swali lipo: katika boma lile, ni mnyama gani anayeitwa wako, na nani angesimama kulithibitisha?

Nauliza kwa sababu maneno uliyompigia kijana Pasaka hayakuwa maneno ya elimu. Yalikuwa ya mali. Uliuza kilicho chako ili mtoto wa kiume apate njia nyingine, naye sasa anarudi kuchukua ile njia ya kwanza, ambayo wewe hukuwahi kupewa hata ungeitaka. Yeye ni mtoto wa mwisho wa kiume. Kwa desturi yenu ng'ombe wa nyumba ya mama wanamwangukia yeye. Wewe umenunua mashudu, umenunua mbuzi kumi, umelipa ada, na siku ya kugawa utaitwa mgeni mheshimiwa, ukaribishwe chai. Ukihisi uchungu hapo si choyo. Ila huo uchungu anayepaswa kuujibu ni baba, na pengine ukoo, kuliko kijana wa miaka 19 ambaye hakuipanga desturi hiyo. Jiulize ukiwa peke yako: kama baba angekutengea ng'ombe wako leo, mbele ya mashahidi, bado ungemkasirikia Lemayian kiasi hiki? Jibu ukilipata litakusaidia kujua uende kuongea na nani kwanza.

Sasa kuchunga. Unasema unajua mwisho wake. Umeona miisho miwili, 2009 na 2022, na yeyote aliyeona ng'ombe wakishindwa kuinuka asubuhi hawezi kubishana nawe. Lakini naomba tuangalie katikati pia. Baada ya 2009 baba yako alirudi na 31. Kufikia 2022 walikuwa 90. Hao hawakushuka kutoka mbinguni. Nina hakika kuna rafiki aliyempa mtamba, ambaye mpaka leo wanaitana paashe, jina la waliopeana mtamba. Na kuna ndugu wa ukoo waliochanga kwa ewoloto, desturi ya kumwinua aliyepoteza mifugo. Na baadaye, tangu ulipoanza kazi, kuna mshahara wa muuguzi. Kundi analolitaka mdogo wako limejengwa kwa urafiki wa mzee na kwa zamu zako za usiku wodini. Wewe unaiona ajira na mifugo kama njia mbili zinazoachana. Nyumbani kwenu kwa miaka mingi vimekuwa vikibebana, na familia nyingi za wafugaji, kuanzia Longido hadi Marsabit kule Kenya, ndivyo zinavyovuka siku hizi: mmoja yuko mjini, mmoja yuko na ng'ombe. Shida ya mpango huo ni kwamba mzigo humwelemea aliye mjini, na hakuna anayemwambia asante kwa sababu pesa ya simu haionekani zizini.

Tena neno "kushika fimbo" umelitumia kwa dharau, nami sitakuacha ulipite hivyohivyo. Longido mvua ni chache na hazina adabu. Kijiji kimoja kinapata, cha jirani kinakosa. Mtu anayejua kuhamisha kundi wiki mbili kabla ya wenzake ndiye anayebaki na mbegu. Anatakiwa ajue alalili, malisho yaliyotengwa, ifunguliwe lini kwa ndama na wagonjwa. Ajue kuwaepusha ng'ombe na tambarare za Gelai nyumbu wanapozaa, kwa sababu ndama wa nyumbu hueneza ugonjwa usio na tiba. Ajue ng'ombe mwenye ndigana kali, ugonjwa wa kupe, kabla hajaanguka. Hii ni kazi ya akili. Wasomi wa nyanda za malisho wametumia miaka mingi kuandika kile ambacho baba yako anakifanya bila daftari, kwamba kwenye nchi kavu kuhama ndiyo kinga ya kwanza dhidi ya ukame.

Hata hivyo, na hapa ningependa Lemayian angekuwa anasoma, yeye ameuonja ufugaji upande mmoja. Mwaka 2009 alikuwa mtoto wa miaka mitatu. Mwaka 2022 alikuwa bwenini, analala kwenye godoro lililolipiwa na dada yake, wakati ninyi mnainua ng'ombe kwa mikono. Alichokiona yeye ni miezi sita ya majani ya magotini. Ningemuuliza maswali, kwa upole na bila kumtega. Mvua mbili zikikosekana mfululizo, utauza wangapi, na lini, kabla bei haijaanguka? Utahamia wapi, na una rafiki gani huko wa kukupokea? Utaongeza mbuzi, au utaleta dume la aina ya Sahiwal kwa sababu wengine wameleta? (Sahiwal ana nyama na maziwa, lakini mwili mkubwa unataka maji mengi na majani mengi, na mwaka mbaya hauoni huruma.) Kama anayo majibu, hata nusu, basi anayekuambia "nitachunga" ni mtu aliyefikiri. Kama hana, anapenda ronjo, na kupenda ronjo ukiwa na miaka 19 ni jambo jema lakini halitoshi.

Liko na swali jingine ambalo wewe hukuligusa: je, anataka, au anahitajika? Kaka yenu yuko Zanzibar. Miguu ya baba imechoka. Kijana mwenye huruma akiangalia hali hiyo anaweza kusema "nitachunga" huku moyoni anamaanisha "nani mwingine?" Ni mambo mawili tofauti kabisa. La pili lina dawa: mchungaji wa kuajiriwa, au kuunganisha kundi na la ndugu kwa miaka miwili, au kaka wa Zanzibar kuambiwa kwamba na yeye ana baba. Muulize Lemayian mkiwa wawili tu, na baba asiwepo.

Tuje kwenye yale matatu unayoyafikiria.

Afisa elimu wa kata ana meno kwa mtoto wa shule ya msingi. Kwa kijana wa miaka 19 aliyemaliza kidato cha nne sidhani kama atafanya zaidi ya kumwita mzee na kumshauri. Kidato cha tano si lazima kisheria. Utakachokipata kwa uhakika ni baba aliyeitwa ofisini na binti yake, na habari hiyo itafika mnadani kabla yako. Na tuseme kijana akaenda kwa kulazimishwa: CBG ni mchepuo mgumu hata kwa anayeupenda.

Kukata msaada kunaweza kuonekana ni haki yako, na pesa ni yako. Ila fikiria nani ataumia kwanza. Lemayian ana maziwa ronjo. Baba ana heshima yake. Anayetegemea pesa unayotuma ni yeyo, aliyenyamaza siku ile. Kunyamaza kwake umekutafsiri vipi? Barua haisemi, nami nisingeharakisha kudhani yuko upande wa mtu yeyote. Kama unataka kupunguza, kupunguza kunawezekana bila kuadhibu. Unaweza kutenganisha pesa ya matunzo ya wazee na pesa ya mifugo, ukasema wazi kwamba hii ya kwanza inaendelea na ile ya pili sasa ina masharti. Hilo lingempa hata mume wako pumzi. Mtu ambaye ameangalia msingi wa nyumba yake ukiota nyasi miaka minne bila kulalamika amekukopesha uvumilivu mwingi, na ushauri wake wa "chagua la tatu" huenda ni njia yake ya kusema amechoka.

Lakini hiyo ya tatu, "nao wafe na ng'ombe wao", umeiandika halafu sentensi inayofuata ukasema hulali. Sina la kuongeza.

Njia nyingine zipo, na kila moja ina mashimo yake.

Anaweza kwenda kidato cha tano na kundi likamsubiri. Ada ya kidato cha tano na sita kwenye shule za serikali iliondolewa mwaka 2022, kwa hiyo safari hii hutauza chochote kikubwa. Yatabaki mahitaji, nauli na michango. Miaka miwili si mirefu kwa ng'ombe. Shimo lake ni kwamba baada ya kidato cha sita kuna chuo, baada ya chuo kuna kutafuta kazi, na mzee anaweza kuwa hayupo. Ujuzi wa baba hauko kwenye kitabu chochote, na unaondoka na mwenyewe. Nadhani Lemayian analijua hili kuliko sisi wawili.

Anaweza kubaki, kwa makubaliano ya mwaka mmoja au miwili, kisha mkae tena. Nafasi ya shule itapotea. Cheti cha kidato cha nne hakipotei. Kwa masomo aliyofaulu, baadaye anaweza kuomba chuo cha mifugo. Wakala wa Vyuo vya Mafunzo ya Mifugo, LITA, una kampasi Tengeru hapo karibu na Arusha, pamoja na Mpwapwa, Buhuri na kwingine, na huchukua waliomaliza kidato cha nne kwa astashahada. Hatari ya kubaki unaijua: mwaka mmoja huwa mitano, anaoa, na "baadaye" haifiki.

Au anaweza kwenda Tengeru moja kwa moja. Nimekuona unatabasamu. Wewe kama muuguzi unajua vijijini watu wanavyochoma sindano za OTC, dawa ya antibayotiki, kwa kukisia dozi, na maziwa yananywewa jioni ileile bila kusubiri siku zilizoandikwa kwenye chupa. Mfugaji aliyefundishwa, anayelala palepale na kundi, ni faida kwa boma hata kumi. Wafugaji wa kaskazini wenyewe wamekuwa wakilipia chanjo ya ndigana kali kwa miaka mingi. Hawakatai elimu inayookoa ndama. Ila nakuonya kidogo. Wazo hili ni tamu kwako kwa sababu linafanana na ushindi. Ukilipeleka kama "basi angalau nenda Tengeru", kijana atasikia shule ya bweni nyingine iliyoamuliwa na dada. Likitoka kinywani mwake, au kwa mjomba, litakuwa na uzito mwingine. Na wapo waliopata cheti hicho wakaishia kuuza dawa dukani mjini, hilo nalo ulijue.

Kitu kimoja ningependa mkizungumze, chochote atakachochagua, ni ardhi. Daraja la pili halitamsaidia mfugaji ambaye hana pa kuhamia. Mwaka 2022 kilomita za mraba 1,500 za Loliondo zilitengwa kwa uhifadhi na mifugo ikazuiwa, na kwingine mashamba yanakula njia za ng'ombe kidogokidogo bila kelele. Kijiji chenu kina mpango wa matumizi bora ya ardhi? Nyanda za malisho zimepimwa? Simanjiro na Kiteto kuna vijiji vilivyopata hati za hakimiliki za kimila za pamoja kwa ajili ya malisho, kwa Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya 1999, na sheria hiyohiyo haitambui mila inayomnyima mwanamke ardhi. Mtu anayeweza kuisoma, akasimama kwenye mkutano mkuu wa kijiji na kuuliza muhtasari uko wapi, ni mali. Ada yako ilishanunua uwezo huo. Hata kama kijana atabaki na ng'ombe maisha yake yote, ile milioni 1.6 kwa mwaka haikumwagika mchangani. Na samahani kwa kusema hivi, lakini wale mitamba wawili wangekuwepo 2022, sijui kama ungekuwa nao leo.

Kuhusu namna ya kuanza mazungumzo, simu haitafaa. Ulimfokea mbele ya rika lake. Kwa kijana wa Kimasai aliye kwenye umri huo hilo ni zito kuliko hoja zote mbili zenu. Ukiweza kupata siku tatu, nenda ronjo kwenyewe. Chukua sukari na majani ya chai, lala huko, mwache akutembeze kwenye kundi akuonyeshe kila ng'ombe kwa rangi yake. Usianze na shule. Ya Pasaka utajua mwenyewe uyasemeje, ila ni vyema wale vijana waliosikia kelele wakasikia na hili.

Na kabla ya ronjo, pita kwa mjomba. Yeye ndiye aliyekupa mtamba wa kwanza mbele ya wazee, kwa hiyo ana mdomo kwenye habari ya uzao wake ambao wewe huna, na baba hawezi kumsikiliza shemeji yake nusunusu. Mweleze mambo mawili mbalimbali: la kijana, na la ng'ombe wako. Kama unataka sehemu ya kundi, sema ni wangapi na kwa nini, na uombe wakatwe alama ya masikio inayojulikana ni yako. Jiandae kwamba baba anaweza kulichukua kama dharau, au kuuliza kwa nini binti aliyeolewa anaacha ng'ombe wake kwa baba badala ya kuwapeleka kwa mume. Liongee na mume wako mapema ili msikutwe na majibu mawili. Inawezekana ukapewa ng'ombe wachache kuliko ulichotumia. Inawezekana pia usipewe kitu. Hapo utakuwa umejua unachotuma nyumbani ni zawadi, na zawadi mtu huipima kwa uwezo wake.

Maneno ya baba kuhusu "watoto wa watu wengine" sikuyasahau. Yameuma, yamekusudiwa kuuma kidogo, lakini ndani yake nasikia pia mzee anayemkosa binti yake. Huenda nakosea, wewe unaijua sauti yake.

Julai iko karibu, kwa hiyo wiki hii piga simu shule aliyopangiwa uulize siku ya mwisho ya kupokea wanaochelewa kuripoti, na masharti ya kuahirisha kama yapo. Nenda kwa mjomba ukiwa na tarehe hiyo mkononi, asije mtu akakuambia muda upo wakati haupo. Baada ya hapo niandikie, hata kwa mistari miwili.

Mama Mshauri